Nyota na beji za kwenye simu: mtoto anajifunza, au anakusanya tu?

Likizo ikifika, makundi ya wazazi ya WhatsApp huchemka kwa hoja ileile. Mama mmoja anatuma picha ya skrini: binti yake wa darasa la tatu amefikisha pointi elfu nne kwenye programu ya hesabu, na hongera zinamiminika. Baba mwingine anaandika kwamba wa kwake ana pointi kuzidi hizo, lakini ukimuuliza saba mara nane anatazama dari. Wa tatu anasema hizo zote ni gemu, ni kamari ya kitoto, na simu ameshaifungia kabatini. Wanabishana mpaka usiku wa manane bila kushawishiana, kwa sababu wanazungumzia vitu vitatu tofauti kana kwamba ni kimoja.

Tuvitenganishe kwanza.

Kuna mchezo wa kufundishia, ambao somo lenyewe ndilo mchezo. Anayecheza bao anahesabu kete. Bila kuhesabu hakuna kucheza, na anayehesabu vibaya anafungwa. Kwenye kishikwambi ipo michezo ya aina hii pia, mathalani ule wa kuunganisha silabi ili mhusika apate kuvuka mto. Pili, kuna zawadi za kimchezo. Hapa somo ni lilelile la kawaida, maswali kumi ya kutoa au maneno kumi ya Kiingereza, ila limezungushiwa nyota, pointi na sauti za makofi ili mtoto asichoke mapema. Tatu, kuna michezo ya bahati, ambako mtoto hufungua kisanduku asichojua kina nini ndani, na mara nyingi kisanduku hicho kinanunuliwa kwa pesa halisi. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba visanduku vya kulipia vya namna hiyo vinavunja sheria zake za kamari.

Makala hii inahusu kitu cha pili, zawadi za kimchezo, maana ndicho kilichojaa kwenye programu za masomo na ndicho kinachowachanganya wazazi na walimu zaidi.

Zawadi hizo zina sura chache zinazojirudia. Pointi hutolewa kwa kila jibu au kila zoezi. Beji ni nishani ya kwenye skrini, mtoto huipata akitimiza jambo fulani. Levo ni ngazi: ukimaliza ya tatu inafunguka ya nne. Mfululizo ni hesabu ya siku ambazo mtoto ameingia bila kuruka hata moja, na kwa kawaida huwekewa alama ya moto. Halafu kuna jedwali la washindani, linalopanga majina kuanzia mwenye pointi nyingi hadi wa mkiani. Duolingo, programu ya lugha iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2012, ina karibu vyote hivyo kwa pamoja, na ligi zake zinaanzia ya shaba na kuishia ya almasi. Khan Academy ya Marekani ina pointi na beji zake. Kahoot!, iliyotoka Norwei mwaka 2013 na ambayo walimu wengi wa shule za mijini wanaijua, humpa pointi zaidi anayejibu sahihi haraka zaidi.

Vitu hivi vinawavuta watoto kwa sababu ambayo wengi wetu hatuigusi. Fikiria darasa la watoto themanini. Mtoto anafanya zoezi Jumatatu, daftari linakusanywa, linarudi Alhamisi likiwa na vema na kosa. Kufikia Alhamisi ameshasahau alikuwa anawaza nini alipoandika 43 badala ya 34. Mwalimu hana lawama hapo. Mikono yake ni miwili. Programu inasahihisha papo hapo, wakati wazo la mtoto bado liko moto kichwani, na akikosea inaweza kumpa swali jingine linalofanana na lile. Nyota inayoruka kwenye skrini ni njia ya kumwambia "umepata" bila kumtaka asome sentensi. Kwa mtoto wa miaka sita ambaye kusoma bado kunamtoa jasho, hiyo ni huduma kubwa. Naamini sehemu kubwa ya faida inayosifiwa kwa jina la zawadi ni faida ya kusahihishwa mapema.

Kuna na jambo la ubongo, ambalo limezua maneno mengi. Utasikia kwamba nyota humwaga dopamini, kemikali ya ubongo, kichwani mwa mtoto "kama dawa za kulevya". Kinachojulikana ni hiki. Katika miaka ya 1990 mwanasayansi Wolfram Schultz alipima seli za dopamini kwenye ubongo wa nyani waliokuwa wakipewa matone ya juisi. Mwanzoni seli ziliruka juisi ilipofika. Nyani walipokwisha kuzoea kwamba ishara fulani hutangulia juisi, seli zikahamia kuruka kwenye ile ishara, na juisi yenyewe ikawa haiwashtui tena. Ishara ikija na juisi isije, seli zilinyamaza. Kwa maneno mengine, dopamini inafuatilia tofauti kati ya tulichotarajia na tulichopata, na hiyo ni sehemu ya namna kiumbe anavyojifunza mambo mengi ya kawaida. Kuiita dawa ya kulevya ni kupotosha. Lakini utafiti huohuo unatupa onyo la maana: zawadi isiyotabirika huendelea kushtua muda mrefu kuliko inayojulikana. Programu inayotoa nyota moja kwa kila jibu sahihi inachosha baada ya muda, na si vibaya ikichosha. Inayotoa "zawadi ya kushtukiza" mara leo, mara kesho kutwa, inatumia kamba ileile inayowafunga watu kwenye mashine za kamari. Mzazi anayetaka kujua kama programu imevuka mpaka aangalie hapo kwanza.

Swali zito zaidi ni kama zawadi zinaua hamu ya kujifunza.

Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha jaribio walilolifanya kwenye shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford. Walichagua watoto ambao tayari walipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja waliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe kama wangechora. Kundi la pili walichora tu, kisha wakapewa cheti hichohicho bila kutarajia. La tatu hawakuahidiwa wala kupewa. Baada ya muda kalamu zikarudishwa darasani, bila cheti wala ahadi, na watafiti wakaangalia nani anazifuata mwenyewe. Walioahidiwa cheti walichora kwa takriban nusu ya muda wa wenzao. Waliopewa bila kutarajia hawakupoteza hamu.

Mtu akisoma matokeo hayo harakaharaka husema zawadi ni sumu. Tazama kundi la pili vizuri. Nao walipata cheti, na hawakudhurika. Hapa nyongeza ya sokoni inatusaidia kuelewa. Mama muuza nyanya akishakupimia fungu lako, huchukua nyanya mbili akakutupia kikapuni. Unafurahi, na kesho unarudi kwake, lakini unarudi kwa sababu nyanya zake ni nzuri na mmeshazoeana. Hukuja kwa ajili ya nyongeza. Sasa chukulia soko ambalo kila muuzaji amebandika bango la kutangaza nyongeza, na wateja wanakwenda wakihesabu nani anaongeza ngapi. Siku nyongeza ikiondolewa, mteja anaona ameibiwa, hata kama fungu ni lilelile la jana. Mtoto aliyechora kwa kupenda, akaja kuahidiwa cheti, anajiambia kwamba anachora kwa ajili ya cheti. Cheti kikiondoka, sababu imeondoka nacho.

Mwaka 1999 Edward Deci, Richard Koestner na Richard Ryan walikusanya matokeo ya majaribio 128 ya aina hii, na picha ikawa hiyohiyo kwa ujumla: zawadi za kushikika zinazoahidiwa mapema hupunguza hamu ya ndani, na watoto huathirika zaidi kuliko wanafunzi wa vyuo. Watafiti wengine wamelipinga hitimisho hilo kwa miaka mingi, na hoja yao kubwa ina uzito: majaribio mengi yalihusu kazi ambayo mtu tayari anaipenda. Jedwali la kuzidisha halipendwi na kila mtoto. Usipokuwa na hamu, hakuna hamu ya kuua. Kwa mtoto anayekimbia kitabu cha kusoma, nyota inaweza kuwa ndiyo inayomfikisha ukurasa wa pili, na ukurasa wa pili ndiko anakokuta hadithi. Kwa yule ambaye ukimwacha peke yake anachukua kitabu mwenyewe, usimlipe. Nasisitiza hilo kwa sababu wazazi wengi wenye watoto wanaopenda kusoma ndio wa kwanza kuwawekea programu zenye zawadi, kwa nia njema kabisa.

Mfano wa karibu na nyumbani unaonyesha upande wa pili wa jambo hili. Mwaka 2001 na 2002, katika wilaya ya Busia, magharibi mwa Kenya, wasichana wa darasa la sita kwenye shule zilizochaguliwa waliahidiwa kwamba asilimia 15 watakaoongoza mtihani watafadhiliwa kwa miaka miwili: shilingi 500 kila mwaka kwa ada, shilingi 1,000 kwa familia kununulia vifaa vya shule, na kutambuliwa mbele ya hadhara. Michael Kremer, Edward Miguel na Rebecca Thornton, waliofuatilia mpango huo, walikuta wasichana wamepanda. Hata wale waliokuwa nyuma sana, wasio na matumaini ya kushinda, walipanda. Wavulana ambao hawakuhusika na tuzo hiyo nao walisogea, na walimu wakawa wanahudhuria darasani zaidi. Wala haikuonekana dalili kwamba wasichana walipoteza hamu ya shule. Ndiyo maana mtu akiniambia kwamba zawadi hazifai kamwe, namtajia Busia.

Kwa hiyo zawadi moja inaua hamu Stanford na nyingine inainua darasa zima Busia. Tutaipimaje ya kwenye kishikwambi cha mtoto wetu? Mimi nafuata swali moja kabla ya mengine yote: pointi hii inalipwa kwa kazi gani?

Mwanauchumi Roland Fryer aliwahi kulijaribu swali hilo kwa fedha taslimu, katika miji minne ya Marekani. Kwenye jiji la New York wanafunzi wa darasa la nne na la saba walilipwa kwa alama za mitihani. Walizifurahia pesa, alama hazikupanda. Huko Dallas watoto wa darasa la pili walilipwa dola 2 kwa kila kitabu walichosoma, kwa sharti wafaulu jaribio fupi la kompyuta kuhusu kitabu hicho kwa asilimia 80. Ufahamu wao wa kusoma ulipanda, hasa kwa waliopimwa kwa Kiingereza. Sababu haijajificha. Watoto wa New York walipoulizwa watafanya nini ili wapate pesa zaidi, walitaja mambo kama kusoma maswali ya mtihani kwa makini. Hakuna hata mmoja aliyesema atamfuata mwalimu au atasoma kwa bidii zaidi. Waliitaka zawadi ila njia ya kuifikia hawakuijua. Mtoto wa Dallas aliijua njia: chukua kitabu, kisome, jibu maswali.

Sasa rudi kwenye programu. Nilimkalia pembeni mtoto wa jirani, yuko darasa la pili, akifanya hesabu za kujumlisha kwenye simu ya mama yake. Swali linatokea juu, majibu manne chini, kwenye vigae vya rangi. Kidole gumba kilikuwa kinatembea: kigae cha kwanza, hapana, cha pili, hapana, cha tatu, kijani, kengele ikalia, nyota ikaanguka kwenye mkoba ulioko pembeni. Swali lililofuata likaja, kidole kikaanza tena kigae cha kwanza. Kukosea hakukuwa na gharama yoyote, na nyota ilikuja ileile, awe amepata mara ya kwanza au mara ya nne. Nilimwomba anisomee swali. Ilibidi alitafute kwanza kwenye skrini liko wapi.

Baadaye tukafungua programu nyingine isiyo na vigae, inayomtaka mtoto aandike jibu mwenyewe kwa tarakimu. Nyota zake ni chache na hazina kengele. Kasi ilikufa pale pale. Vidole vya mkono wa kushoto vikashuka chini ya meza vikaanza kuhesabu, midomo ikawa inacheza, na jibu la 9 + 6 likachukua muda mrefu kiasi kwamba mama yake alichungulia kutoka jikoni kuuliza kama simu imezima. Akaandika 15. Mtoto alikuwa yuleyule na saa ni ileile. Kilichobadilika ni kile kinacholipwa. Programu ya kwanza ilimlipa kwa kugusa. Ya pili ilimlipa kwa kuhesabu, na akahesabu.

Hapo ndipo yule baba wa WhatsApp anapopata jibu lake. Pointi elfu nne au zaidi hazisemi mtoto anajua kiasi gani. Zinasema amefanya mara nyingi kiasi gani kile ambacho programu inakilipia. Kama inalipia kuingia kila siku, zinasema ameingia kila siku. Kama inalipia kasi, atakuwa mwepesi, na mara nyingi atachagua maswali rahisi ya levo za chini kwa sababu ndiko pointi zinakoingia haraka. Watoto ni werevu mno kwenye hili. Hawadanganyi; wanafuata bei iliyowekwa. Khan Academy ina utaratibu mmoja ninaouona wa busara: kiwango cha umahiri wa mtoto kwenye mada kinaweza kushuka akikosea mada hiyo kwenye jaribio la mchanganyiko baadaye. Watoto hulalamika, na naelewa kwa nini, lakini namba ya aina hiyo ina jambo la kumwambia mzazi.

Jedwali la washindani lina shida yake. Wapo wanaoamini ushindani humwamsha kila mtoto. Humwamsha wa pili anayemfukuza wa kwanza. Aliye nafasi ya ishirini na saba anasoma jambo jingine kwenye jedwali hilohilo, nalo ni kwamba hili si lake, na shule zetu zilizozoea kubandika ukutani nafasi ya kila mwanafunzi zinaujua uso wa mtoto huyo. Michael Hanus na Jesse Fox walichapisha mwaka 2015 matokeo ya kozi ya chuo kikuu Marekani iliyoendeshwa kwa beji na jedwali kwa muda wa wiki 16, wakiilinganisha na kozi hiyohiyo isiyo na vitu hivyo. Waliosoma na beji walimaliza na hamu ndogo zaidi, na alama za mtihani wa mwisho zikawa chini. Hao walikuwa watu wazima, waliochagua wenyewe kuwa chuoni. Kwa mtoto wa miaka nane ningelizima jedwali siku ya kwanza, kama programu inaruhusu. Mwalimu anayetumia Kahoot! naye anaweza kuongeza muda wa kila swali na kuwapanga watoto kwa vikundi, ili anayefikiri taratibu asigeuke mzigo.

Kuhusu mfululizo nina uchungu zaidi, kwa sababu ulibuniwa na watu ambao intaneti yao haikatiki. Ahadi yake ni rahisi: ingia kila siku, moto utaendelea kuwaka, ruka siku moja, unaanza sifuri. Kwa nyumba yenye Wi-Fi na kishikwambi cha mtoto mwenyewe, kanuni hiyo inapima bidii. Kwa nyumba ambayo simu ni moja, ya mama, inaondoka naye alfajiri kwenda kazini na kurudi saa mbili usiku ikiwa na chaji ya kufia, kanuni hiyo inapima mambo mengine kabisa. Inapima kama bando limebaki. Inapima kama umeme ulikuwepo. Mtoto aliyefanya mazoezi kwa bidii wiki sita anakuta moto umezimika kwa sababu ya siku ambayo hakuwa na uwezo nayo, na anaambiwa na katuni yenye machozi kwamba amekata mfululizo. Nimeona watoto wakilia kwa hilo. Baadhi ya programu zina namna ya kuulinda mfululizo siku ukikosekana, na Duolingo ni mojawapo, lakini mara nyingi kinga hiyo hupatikana kwa kulipia kwa sarafu za humohumo ndani, na mtoto mdogo haelewi zinavyokwenda.

Kwamba mtoto anaweza kujifunza kwenye kishikwambi katika mazingira magumu, hilo halina ubishi tena kwetu. Shindano la Global Learning XPRIZE, la kutengeneza programu za kumfundisha mtoto kusoma na kuhesabu, liliwafikia watoto wapatao 2,700 katika vijiji takriban 170 vya mkoa wa Tanga, kwa ushirikiano na UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na serikali ya Tanzania. Watoto walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kusoma, kuandika na kuhesabu, vikichajiwa kwa umeme wa jua. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Timu mbili za watengenezaji programu, Kitkit School na onebillion, ziligawana ushindi mwezi Mei 2019. Mwalimu mmoja aliyesoma habari hizo aliniuliza: ni zawadi gani ziliwafanya watoto wale washikamane na masomo bila kusimamiwa? Nadhani swali lenyewe limebeba dhana isiyo sahihi. Programu zile ziliongea na mtoto kwa lugha yake, zikaanzia pale alipo, zikampa hatua ambayo angeweza kuipiga leo. Mtoto anayesoma neno lake la kwanza hahitaji kengele kumjulisha kwamba limetokea jambo.

Deci na Ryan wameeleza kwa miaka mingi kwamba hamu ya kweli hulishwa na mambo matatu: mtu aone ana nafasi ya kuchagua, aone anaweza, na aone yuko pamoja na watu anaowajali. Zawadi ya kimchezo inapofanya kazi vizuri, ukiichunguza utakuta inasaidia mojawapo ya hayo. Levo inayofunguka inamwonyesha kwamba anaweza. Ramani yenye njia mbili inampa kuchagua. Katuni ya Ubongo Kids, iliyoanza kurushwa Tanzania mwaka 2014, haina haja ya beji kumvuta mtoto kwenye hesabu, kwa sababu wahusika wana tatizo na watoto wanataka kulitatua pamoja nao, halafu wanaimba.

Lipo pia suala la nani analipia nyota hizo. Programu nyingi ni za bure mpaka mtoto azoee, kisha beji nzuri na mavazi ya mhusika yanafungwa kwa wanaolipia. Mtoto anakuja kuomba hela ya kumvalisha katuni kofia, na anaomba kwa jina la masomo, kwa hiyo mzazi anaona aibu kukataa. Kataa bila wasiwasi. Kofia haifundishi kugawanya. Taarifa za mtoto nazo ni bei. Shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilichunguza bidhaa zaidi ya 160 za elimu ya mtandaoni zilizotumika wakati wa korona katika nchi 49, na mwaka 2022 likaripoti kwamba asilimia 89 ziliweka haki za watoto hatarini au kuzivunja kwa namna zilivyoshughulikia taarifa zao. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, lakini sheria haitakaa na mtoto sebuleni. Ukiweka programu mpya, usiipe jina kamili la mtoto, picha yake wala shule anayosoma, na ikiomba ruhusa ya kipaza sauti au mahali ulipo bila sababu inayoeleweka, iondoe.

Kama mtoto ameshazama kwenye pointi, usimnyang'anye simu ghafla, maana ataona amenyang'anywa mali aliyoichuma. Kaa naye somo zima walau mara moja uone kidole kinafanya nini. Kisha hamisha maswali. Badala ya "leo umepata ngapi?", muulize "nionyeshe lililokushinda", na mlimalize pamoja kwa kalamu na karatasi, simu ikiwa imelazwa kifudifudi. Mtoto aliyejifunza kweli ataweza kuchora duara, akaligawa robo nne, akakueleza kwa nini mbili kati ya hizo ni nusu. Akishindwa, mrudishe levo za nyuma bila kumgombeza. Na mada ambayo ameshaimudu, iondolee zawadi kidogokidogo: mpe hesabu hizo kwenye mambo ya nyumbani, ahesabu chenji ya duka, apime unga.

Wanaotengeneza programu za Kiswahili, na vijana wetu wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wanazidi kuingia kwenye kazi hii, wana nafasi ya kutonakili kila kitu kilichobuniwa kwa nyumba nyingine. Mfululizo unaweza kuhesabiwa kwa wiki, siku tatu zikatosha. Pointi zinaweza kuhifadhiwa kwenye simu bila intaneti na kupanda bando likipatikana, bila mtoto kupoteza chochote. Simu moja iweze kubeba watoto watatu wa nyumba moja, kila mmoja na hatua zake, bila kuwapanga nani wa kwanza. Jibu la mara ya kwanza lilipwe zaidi ya la mara ya nne. Na ripoti inayokwenda kwa mzazi, hata iwe ya meseji ya kawaida, itaje ambacho mtoto sasa anaweza kukifanya na ambacho bado, kwa Kiswahili ambacho bibi anayemlea ataweza kukisoma.